Matoleo ya kutajwa majina tumeyabeba mpaka Uswidi, kilio tumekiacha Bukavu

Kila nikipiga simu Kadutu, kwetu Bukavu, salamu zikiisha swali ni lile lile, "huko Ulaya watu wanasali kweli?" Na najua jibu wanalolitaka, wanataka niseme Wazungu wamemsahau Mungu, makanisa yao matupu, siye wa Kongo njo tumebaki na moto. Siwezi kujibu hivyo. Niko Göteborg, Uswidi, miaka mingi sasa, siku ya yenga (Jumapili) asubuhi nasali na Waswidi mu kanisa la kipentekoste, mchana nasali na wenzetu wa Kiswahili mu chumba tunachokodi, na kile ninachokiona mchana kinaniuma juu ile ibada iliyonilea naipenda sana.

Na tusisahau upentekoste wetu wa Kivu ya Kusini ulitoka wapi. Ni hawa hawa Waswidi, wamisionari wao walifika kwetu mu 1921, kanisa lililotokea njo leo tunaita 8e CEPAC, jumuiya ya makanisa ya kipentekoste ya Afrika ya Kati, na hospitali ya Panzi ya Daktari Mukwege, yule anayetibu wanawake waliobakwa, iliyoanza 1999 iko chini ya kanisa hilo, naye mwenyewe ni mtoto wa mchungaji. Sasa mtu wa Bukavu akiniambia Waswidi hawajui kuabudu namuuliza tu, bibi yako alibatizwa mu kanisa la nani?

Ni kweli wanakaa kimya. Ibada ni saa moja na kitu, imekwisha, watu wanaenda kunywa kahawa. Wakati wa matoleo namba ya Swish, ile ya kutuma pesa kwa simu, inatokea ukutani, kila mtu anabonyeza simu yake, hakuna anayejua jirani ametoa krona 20 ao 2000. Lile Kanisa la Uswidi la kilutheri nalo lilitengana na serikali tangu 2000 lakini memba wake mpaka leo mchango wao unakatwa pamoja na kodi, yaani hata kuinuka kwenye kiti hawainuki. Wenzetu wakifika wanasema hapa hakuna Roho. Mimi nawaambia mtazame yule mzee wa safu ya nyuma. Anafika kabla ya watu wote, anapanga viti, safu iliyo karibu na joto anawawekea wamama wetu, ibada ikiisha anamchukua mama mmoja mjane wa Uvira mu gari yake anamrudisha nyumbani. Mu gari kuna karatasi amebandika karibu na usukani, ameandika kwa penseli siku zote za yule mama za kwenda hospitali, jina lake ameliandika vibaya lakini tarehe zote ziko sawa. Sijawahi kusikia mchungaji akimtaja mzee huyo mbele ya watu, na sidhani angefurahi.

Lakini nao kuna kitu kimewapotea na nitakisema bila kuficha. Mtu akifa hapa mazishi yanaweza kungoja wiki tatu, sheria inawapa mwezi, na ile siku watu wanaingia kwa utaratibu, wanaimba nyimbo mbili, wanakula keki, wanaondoka. Mwenye kufiwa usiku ule wa kwanza yuko peke yake na televizheni yake. Kwetu Bukavu kwenye kilio, hata mvua inyeshe watatundika shiting (turubai) mbele ya mlango, korali itakuja bila kuitwa, wamama watalala chini na wewe, kuna mtu ataleta makaa na mwingine sukari, na wimbo utaimbwa mpaka asubuhi na watu ambao kesho wanapaswa kwenda sokoni. Ile njo ibada. Hakuna mikro, hakuna anayemtazama nani anaimba vizuri.

Na matoleo yetu pia, mimi nayapenda. Namwona mpaka leo mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, wa upande wa soko la Nyawera, siku ya matoleo ya mavuno korali imeanza, anainuka na beseni yake kichwani, mu beseni kuna muhogo na ndizi, anacheza polepole kuelekea mbele, akifika anafungua pembe ya kikwembe (kitenge) na meno maana fundo amelikaza sana, anatoa noti ya franga 500 iliyokunjwa mpaka imekuwa kama punje ya maharagi, anaiacha, anarudi anacheza. Nani atamwambia huyo anapiga kelele tu?

Kisha ninajua kinachofuata, nanyi mnakijua. Mtu anachukua mikro, "wenye dola mia wasimame tuwaombee, wenye hamsini, wenye ishirini", na yule mama anakaa chini na baraka zinaanza kugawanywa kwa bei. Hiyo naikataa kabisa. Someni Marko 12 tena, Yesu ameketi anatazama sanduku, matajiri wanaweka vingi, mjane anaweka senti mbili, na Yesu anawaita wanafunzi wake anawaambia wao. Hatusomi mahali kwamba alimsimamisha mjane. Hatusomi kama mjane alijua hata kidogo kwamba ameonwa. Na mu Matayo 6 amesema mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kuume, sasa siye tunataka kanisa lote lijue, na watu wa WhatsApp nao wajue.

Maana njo hicho tulichokibeba kuja huku. Tumefika Ulaya, kilio tumekiacha kwetu, kutembeleana nyumba kwa nyumba tumekuacha, tunasema kazi ni nyingi na baridi ni kali, lakini orodha ya majina na krona mbele yake hiyo imevuka bahari salama. Siku ya mavuno inasomwa kwa sauti. Kuna kijana wetu mmoja anafanya usafi usiku, tangu waasi wa M23 waingie Bukavu mu Februari 2025 na mabenki yakafunga, yeye njo anawalisha watu wa nyumba mbili kule, kila anachopata anakituma, siku ya mavuno hakuja. Aliona haya, hakuwa na kitu cha kusomwa. Mimi nauliza wazee wangu kwa heshima yote, kati ya ile pesa aliyoituma na ile iliyosomwa kwenye mikro, ni ipi Mungu aliiita ibada? Na tulimfukuza siye wenyewe bila kumwambia neno.

Najua jibu lenu, mtasema tusipoita majina watu hawatoi na chumba kinalipwa kila mwezi. Sawa, chumba kinalipwa, basi tuambiane chumba ni bei gani, tuambiane kimepungua kiasi gani, sanduku likae mlangoni na namba iandikwe ukutani, mwisho wa mwaka hesabu isomwe kwa jumla kama Waswidi wanavyofanya mu mkutano wao wa mwaka. Watu wazima wakijua shida watatoa. Na tuendelee kucheza kwenda mbele, sisemi tukae kama sanamu, na beseni, na ndizi hata kama ni za duka, mwenye mikono mitupu naye acheze aende aguse meza arudi, hakuna anayehesabu.

Nimewaandikia wazee wa kanisa letu mambo mawili tu kabla ya mavuno ya mwaka huu, orodha isisomwe, na wale wenye magari wagawane zamu ya kwenda kulala kwa mtu akifiwa, usiku ule ule, si wiki tatu baadaye. La kwanza bado wanalijadili. La pili watu wanne wamekwisha kuandikisha majina, na yule kijana wa usafi ni mmoja wao ingawa gari hana, anasema atakuja na basi la mwisho.