Vita vya Cabo Delgado vilianzia msikitini kabla ya gesi

Kila yanapotokea mauaji yanayofanywa na watu wanaojiita wapiganaji wa jihadi, mjadala wa barazani na katika makundi ya WhatsApp huchukua mkondo ule ule. Mmoja atasema kwamba ndivyo dini yao inavyowafundisha. Wa pili, ambaye mara nyingi ni Mwislamu aliyechoka kunyooshewa kidole, atajibu kwamba wale si Waislamu hata kidogo, bali ni watu waliotengenezwa na Marekani ili kuuchafua Uislamu na kupora mali za nchi maskini. Wa tatu atasema kwamba tatizo ni njaa, na kwamba kijana mwenye kazi hawezi kumkata mwenzake shingo. Nimezisikia hoja hizi kuhusu Somalia, kisha kuhusu Nigeria, na sasa kuhusu Msumbiji, na naona kwamba kila moja ina ukweli ndani yake lakini hubebeshwa mzigo usiowezekana kubebwa na hoja moja. Nataka kuzipima kwa kisa cha Cabo Delgado, jimbo lililo ng'ambo tu ya Mto Ruvuma, ambalo watu wake wa pwani, Wamwani, wana lugha iliyo ndugu wa karibu wa Kiswahili, na ambalo historia ya kundi lake imechunguzwa na watafiti waliofika vijijini na kuwauliza wenyeji.

Tarehe 5 Oktoba 2017, kabla ya mapambazuko, watu wapatao 30 walivamia vituo vya polisi katika mji wa Mocímboa da Praia. Wakazi waliwatambua baadhi yao, kwa sababu walikuwa vijana wa hapo hapo mjini. Dunia ilianza kuhesabu tangu siku hiyo, na kwa kuwa gesi asilia ya bonde la Ruvuma ilikuwa imeshagunduliwa mwaka 2010 na makampuni makubwa yalikuwa yanajipanga kuwekeza, maelezo yalipatikana haraka: hivi ni vita vya gesi. Mwanahistoria Eric Morier-Genoud alipofuatilia chimbuko la kundi hilo alifika kwingine kabisa, katika wilaya ya Balama, bara, mbali na bahari na mbali na visima. Mwaka 2007 kijana mmoja alirudi kijijini kwao huko Balama baada ya kuishi Tanzania kwa muda, akaanza kufundisha dini kwa namna ambayo wazee wake hawakuwahi kuisikia. Wakati huo gesi ilikuwa haijagunduliwa, na hata rubi za Montepuez, zilizokuja kuzua vurugu baadaye, zilikuwa bado hazijulikani.

Mafundisho yenyewe yalikuwa mepesi kuyaeleza. Serikali isiyotawala kwa sharia ni ya kikafiri, kwa hiyo Mwislamu hapaswi kuipelekea mtoto shuleni wala kuipelekea mashtaka mahakamani. Mwislamu anayeitii serikali hiyo naye amekufuru, na msikiti wake si msikiti. Hilo la mwisho walilionyesha kwa vitendo, kwani waliingia katika misikiti ya wenzao wakiwa wamevaa viatu na wamebeba visu. Hadithi zinazotaja kusali na viatu zipo, na wanazuoni wamezieleza kwa karne nyingi, lakini kijana anayekanyaga mkeka wa msikiti alikosomea babu yake kwa viatu vyenye matope, akiwa na kisu kiunoni, hakuja kujadili hadithi. Amekuja kutangaza kwamba waliomo humo damu yao si haramu tena. Ndiyo maana nashindwa kukubali kwamba dini haina nafasi katika jambo hili. Kukufurishana kulitangulia kuuana, na waliokufurishwa kwanza walikuwa Waislamu.

Hapa ndipo wale wanaosema kwamba dini yenyewe ndiyo tatizo nao wanapokwama. Waliosimama kulipinga kundi hilo mapema kabisa, kabla ya polisi, kabla ya majeshi ya kigeni na kabla ya mwandishi yeyote wa habari, ni masheikh na maimamu wa vijiji hivyo hivyo. Walijadiliana nao, waliwafukuza misikitini, wakapeleka malalamiko kwa viongozi wa wilaya. Baraza la Kiislamu la Msumbiji, linalojulikana kwa kifupi chake cha Kireno CISLAMO, nalo lilitahadharisha kabla ya mwaka 2017. Msomaji asidhani kwamba huu ulikuwa ugomvi wa watu wa maulidi na watu wa Answari Sunna. Baraza hilo, lililoundwa mwaka 1981, lenyewe lina mizizi katika vuguvugu la wanamageuzi waliopinga zikri na ziara za tariqa, yaani vyama vya kisufi. Yaani watu ambao wengi wangewaita mawahabi ndio waliowaambia watawala kwamba kuna kundi la hatari linakua. Viongozi wengi wa serikali waliona kwamba hayo ni mabishano ya Waislamu wenyewe kwa wenyewe, na miaka ikapita. Mtu anaposema leo kwamba "hawa si Waislamu, mjadala umekwisha", nia yake ni njema, lakini anaifuta kazi ya masheikh hao, kwa sababu kama jambo lenyewe halikuwa la dini basi wao walikuwa wanabishana na upepo.

Lakini kundi dogo lenye itikadi kali linaweza kubaki dogo hadi likafa. Swali la kwa nini lilianza ni tofauti na swali la kwa nini lilipata wafuasi, na nadhani mijadala yetu mingi huharibika kwa kuyachanganya maswali haya mawili. Wafuasi walipatikana kwa sababu Cabo Delgado ilikuwa na madonda ya zamani. Frelimo, chama kilichopigania uhuru na kuitawala Msumbiji tangu hapo, ilianza vita vya ukombozi katika jimbo hilo hilo, huko Chai, tarehe 25 Septemba 1964, na Wamakonde wa nyanda za juu za Mueda ndio waliobeba sehemu kubwa ya mapigano. Baada ya uhuru, pensheni za wapiganaji wa zamani, vyeo na uhusiano na wakubwa wa Maputo vilielekea huko, na Wamwani wa pwani wakajiona wageni katika mji wao. Mwaka 2005, baada ya uchaguzi mdogo wa Mocímboa da Praia, wafuasi wa Frelimo na wa Renamo, chama cha upinzani, walipigana hadi watu wakafa, na mpaka wa vyama ulifuata kwa kiasi kikubwa mpaka wa makabila. Wengi wa waliokuwa watoto wa mtaani mwaka huo walikuwa vijana wa kuandikishwa mwaka 2017.

Kisha zikaja rubi. Ziligunduliwa Montepuez mwaka 2009, maelfu ya wachimbaji wadogo wakamiminika, Watanzania wakiwa miongoni mwao, halafu leseni ikaenda kwa kampuni inayomilikiwa kwa asilimia 75 na Gemfields ya Uingereza pamoja na mshirika wa ndani mwenye uhusiano na jenerali wa Frelimo. Mwanzoni mwa 2017 wachimbaji walifukuzwa kwa nguvu kubwa. Mwaka 2019 Gemfields ilikubali kulipa pauni milioni 5.8 kumaliza kesi ya wanakijiji na wachimbaji waliodai kuteswa na kunyang'anywa ardhi, bila kukiri kuwajibika. Tukumbuke mpangilio wa tarehe: wachimbaji walifukuzwa mapema 2017, na Oktoba ya mwaka huo huo risasi zikalia. Watafiti Saide Habibe, Salvador Forquilha na João Pereira, waliowahoji watu wa Mocímboa, waliandika pia kwamba kundi liliwavuta vijana kwa mikopo ya kuanzishia biashara ndogo ndogo. Kijana aliyepewa mtaji wa duka na watu wa msikiti fulani, wakati benki haimjui na chama hakimtaki, hahitaji kwanza kuielewa fiqhi yao, yaani sheria yao ya dini.

Hata hivyo umaskini peke yake hautoshi kuwa jibu. Zambezia ni miongoni mwa majimbo maskini kabisa ya Msumbiji, na Niassa, jirani wa Cabo Delgado, ni maskini na ina Waislamu wengi. Vita havikuzuka huko. Vilipofika Niassa mwishoni mwa 2021 vililetwa na wapiganaji waliokuwa wanakimbia mashambulizi katika jimbo la jirani. Njaa huandaa watu wa kusikiliza, lakini hotuba huandikwa na mtu mwingine.

Kuhusu mkono wa nje, nakubali kwamba historia imetupa sababu za kushuku. Marekani iliwafadhili mujahidina wa Afghanistan kupitia idara ya ujasusi ya Pakistan katika miaka ya 1980, na uvamizi wake wa Iraq mwaka 2003 ulizaa mazingira yaliyoilea Dola ya Kiislamu (ISIS). Hayo si uzushi. Lakini kuyabeba hayo mpaka Balama ya mwaka 2007 ni kukwepa kutazama mkono wa nje uliokuwepo kweli, ambao ni wetu sisi wa pwani ya Afrika Mashariki. Habibe na wenzake walikuta uhusiano na wafuasi wa Aboud Rogo, mhubiri wa Mombasa aliyepigwa risasi garini mwake Agosti 2012. Mahubiri yake yalikuwa ya Kiswahili, yalisambaa kwa kanda na simu, na yalieleweka kaskazini mwa Msumbiji bila mkalimani. Baada ya kifo chake baadhi ya wafuasi walihamia kusini, hadi Kibiti, mkoani Pwani, Tanzania. Watanzania tunaikumbuka Kibiti ya 2015 hadi 2017: wenyeviti wa vijiji na viongozi wa CCM wakiuawa usiku mmoja mmoja, kisha polisi wanane wakauawa kwa pamoja Aprili 2017. Operesheni ilipokaza, waliobaki walivuka mto. Oktoba 2020 walirudi kwa njia ile ile na kushambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Na Marekani ilipolitangaza kundi hilo kuwa la kigaidi Machi 2021, kiongozi iliyemtaja, Abu Yasir Hassan, alikuwa Mtanzania. Dola ya Kiislamu yenyewe ilidai shambulio lake la kwanza Msumbiji mnamo Juni 2019, miezi ishirini baada ya vita kuanza. Ilikuta moto unawaka, ikaweka bendera yake.

Naumia kuandika kwamba lugha hii tunayojivunia ndiyo iliyotumika, lakini tukiendelea kuelekeza kidole Washington hatutawahi kujiuliza nani alimsikiliza Rogo bila kumjibu, na kwa nini madrasa zetu hazikuwa na mtu wa kusimama mbele ya vijana na kuibomoa hoja ya kukufurisha kwa dalili za maandiko.

Serikali nazo zina fungu lao, na si dogo. Nchini Nigeria, Boko Haram ilikuwa kundi la mahubiri makali hadi Mohammed Yusuf alipouawa mikononi mwa polisi Julai 2009, ikaibuka upya chini ya Abubakar Shekau ikiwa ya kutisha zaidi. Somalia, Al-Shabaab ilikuwa tawi la vijana katika Muungano wa Mahakama za Kiislamu mpaka jeshi la Ethiopia lilipoingia Desemba 2006 na kuwapa sababu ya kujinadi kuwa watetezi wa taifa. Rogo naye aliuawa bila kutiwa hatiani, na hakuna aliyeadhibiwa kwa mauaji hayo. Msumbiji ilifuata mkondo huo: baada ya Oktoba 2017 misikiti ilifungwa, mamia wakakamatwa, na Januari 2019 mwandishi Amade Abubacar alikamatwa Macomia akiwahoji watu waliokimbia makazi yao, akawekwa ndani hadi Aprili. Septemba 2020 ilisambaa video ya wanaume waliovaa sare za jeshi wakimchapa mwanamke aliye uchi barabarani karibu na Awasse, kisha wakimmiminia risasi. Wizara ya ulinzi ilisema video ile ilitengenezwa. Kwa mtu wa kijiji kilicho karibu na barabara hiyo, anayeambiwa achague upande, kauli ya wizara haikuwa na uzito wowote.

Nia nazo hubadilika vita vikikaa. Machi 2020 wapiganaji waliingia Mocímboa da Praia na Quissanga, wakawagawia watu chakula walichokipora na kuwahutubia mbele ya kamera kwamba wanataka utawala wa Kiislamu. Majuma machache baadaye, katika kijiji cha Xitaxi, wilaya ya Muidumbe, walitaka kuwaandikisha vijana, vijana wakakataa, na zaidi ya 50 wakauawa. Machi 2021 waliishambulia Palma, na mwezi uliofuata kampuni ya Ufaransa ya Total ikasitisha mradi wake wa gesi wa dola bilioni 20. Anayesema kwamba vita viliundwa ili gesi ichimbwe kwa utulivu aeleze hapo. Gesi iliongeza hasira, ikaongeza thamani ya kila shambulio, na ndiyo iliyofanya dunia igeuze macho, lakini haikuwa mzazi.

Kuna kundi moja la wapiganaji ambalo mjadala wetu wote haulifikii. Mwaka 2021 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi wavulana waliotekwa vijijini walivyopelekwa Mbau kufundishwa kupigana. Mtoto aliyetekwa akiwa na miaka 12 ni kijana mkubwa sasa, huenda ana bunduki, huenda ameua. Hakufuata mahubiri, hakupewa mkopo, hakufukuzwa katika mgodi wa rubi. Mahakama za Msumbiji, na zetu pia pale Watanzania wanaporudishwa kutoka huko, zitalazimika kumtenganisha na yule aliyekaa msikitini mwaka 2007 akihukumu nani Mwislamu na nani si Mwislamu, na mpaka sasa hakimu anaweza kuwakuta wote wawili katika hati moja ya mashtaka, kwa kosa moja la ugaidi.