Kila uzi na daftari lake: thread_local! inafaa wapi katika Rust?

Chukua programu ya Rust inayohesabu maneno katika mafaili elfu kumi. Ukiigawa kazi hiyo kwa nyuzi nane (threads, mikondo ya kazi inayokwenda kwa wakati mmoja), swali gumu si namna ya kuhesabu bali pa kuandika hesabu. Daftari moja lenye kufuli, yaani HashMap (jedwali la kila neno na idadi yake) ndani ya Mutex (kufuli lenyewe), litakupa jibu sahihi, ila nyuzi saba zitakesha zikiisubiri ya nane imalize kuandika. Una viini vinane vya prosesa, na vyote vimepanga foleni.

Wengi hukimbilia kuupa kila uzi daftari lake. Wazo hili lina umri. C ilikuwa na errno, namba moja ya programu nzima inayotaja kosa la mwisho. Nyuzi zilipoingia, uzi mmoja ungeweza kusoma kosa la mwenzake, ikabidi kila uzi uwe na errno yake. Mwaka 2011, viwango vya C11 na C++11 viliingiza data ya uzi ndani ya lugha zenyewe. Rust nayo ina thread_local!, makro inayoupa kila uzi nakala yake ya data, na kompaila yake inalinda kitu ambacho C inamwachia mwandishi: rejeo la data hiyo halitoki nje kwenda kukabidhiwa uzi mwingine. Unaipata ndani ya funksheni iitwayo with, unamaliza shughuli, unatoka.

Wanaoitetea njia hii wana hoja nzito. Hakuna kufuli wala kusubiriana. Kwenye Linux ya x86-64 data hufikiwa kupitia rejista ya fs, gharama ndogo mno ukiipima na kufuli linalogombewa. RefCell, kasha la data linalokagua programu ikiwa inaendeshwa kwamba anayeandika ni mmoja tu, na ambalo kompaila haikubali lishirikiwe na nyuzi mbili, hapa inaruhusiwa. Na kwa bafa ya muda, ile vekta ya baiti unayosomea faili kisha ukaisafisha kwa ajili ya faili lijalo, sioni njia nyepesi zaidi: kumbukumbu inaombwa mara chache badala ya mara elfu kumi.

Shida huanza tunapodhani uzi na kazi ni kitu kimoja. Katika Rayon, maktaba ya Rust inayogawa kazi kwa kundi la nyuzi, si hivyo. Uzi uliomaliza kazi zake huchukua kazi kutoka foleni ya mwenzake, na hata uzi unaosubiri vipande vyake vikamilike haulali, hutafuta kazi nyingine ya kufanya. Sasa tuseme umeishika bafa kwa borrow_mut (njia ya kuiazima RefCell kwa kuandika), na ukiwa bado umeishika ukaita par_iter (mwito wa Rayon unaogawa orodha kwa nyuzi). Uzi wako, wakati unasubiri, unaokota faili jingine, unaendesha msimbo uleule, unaomba bafa ileile. RefCell inakataa na programu inaanguka. Kinachoumiza ni kwamba haianguki kila mara. Ukijaribu na mafaili mawili inaweza kupita salama; mzigo ukiwa mkubwa ndipo inakatika, tena mahali tofauti kila safari.

Kukwepa RefCell hakuponyi. Ukitumia Cell, kasha lisilo na ukaguzi huo, ukachukua daftari kwa take na kulirudisha kwa set, kazi iliyoingia katikati itakuta daftari tupu, itaandika yake, kisha ile ya kwanza itarudi na kuyafuta. Hesabu inapungua na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Mimi naogopa hili kuliko ule mwanguko.

Kisha lipo suala la kukusanya. thread_local! haikupi njia ya kupitia madaftari ya nyuzi zote mwishoni. Kutegemea Drop, msimbo unaoendeshwa data inapoondolewa, iyapeleke mahali uzi unapokufa hakufai, kwa sababu nyuzi za kundi kuu la Rayon huishi mpaka programu inapofungwa. Kuna njia za kuzunguka: ThreadLocal ya maktaba ya thread_local inaruhusu kupitia thamani zote, na broadcast ya Rayon hutuma kazi kwa kila uzi. Zinafanya kazi, lakini ni jitihada ya kuokota ulichokificha mwenyewe.

Upande wa pili unasema: usifiche. Kwa fold, kila kipande cha kazi hupewa daftari lake kama hoja ya kawaida, na reduce huyaunganisha. Msomaji anaona data inatoka wapi na inaishia wapi. Hata hivyo njia hii ina bei yake. Rayon hukata kazi vipande inavyoona inafaa, hivyo madaftari yanaweza kuwa mengi kuliko nyuzi, na kuunganisha HashMap kubwa si bure. map_init nayo huandaa thamani kwa kila kipande, si kwa kila uzi. Aliyetarajia maandalizi mara nane hushangaa kukuta mara mia. Kama maandalizi yenyewe ni mazito, mathalani kufungua muunganisho wa hifadhidata, nitarudi kwa thread_local! bila kusita.

Kwa programu yetu ya maneno, basi, ningeweka bafa ya kusomea kwenye thread_local!, nikiiachia kabla ya mwito wowote wa Rayon, na hesabu ningezipitisha kwa fold. Na kama mafaili yanalingana ukubwa, hata Rayon si lazima. thread::scope, iliyoingia katika Rust 1.63 mwezi Agosti 2022, inatosha: nyuzi nane, kila moja na fungu lake, kila moja inarudisha daftari lake kwa join.