Masomo ya Sauti Kwenye Kadi ya Memori: Faida Yake na Mtego Wake

Mwanafunzi wangu mmoja hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, alisoma kwa sauti sentensi hii: "Fundi alifanya kazi yake barabara." Alisoma vizuri, kila herufi mahali pake, kisha akaniuliza kwa nini fundi alikuwa anafanyia kazi njiani. Kosa halikuwa la macho. Barabara ya kupita magari hukaziwa silabi ya pili kutoka mwisho, kama maneno mengi ya Kiswahili. Barabara yenye maana ya sawasawa hukaziwa mapema zaidi, kwenye ile "ra" ya kwanza. Maandishi hayaonyeshi tofauti hiyo hata kidogo. Anayeijua ameisikia kwa mtu.

Nilimtumia kiungo cha somo la matamshi la dakika 20. Siku mbili baadaye akaniambia hajalimaliza. Bando la siku lilikatika katikati, na alipoongeza jingine, mtandao wa kijijini kwao, juu huko kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ukawa unakwamakwama. Akaomba nimwekee somo lenyewe kwenye kadi ya memori, nikamwekea. Mwalimu mwenzangu aliposikia hakufurahi. Alinipa hoja mbili: kwamba masomo yale ni jasho la watu na hayachukuliwi kimyakimya, na kwamba anayehifadhi somo hujidanganya kuwa amelisoma. Tumebishana tangu hapo. Hoja yake ya pili imenigusa kuliko ya kwanza, na bado naendelea kuwahifadhia wanafunzi masomo.

Hali ya Kiswahili Uganda ndiyo inayoufanya ubishi huu uwe na uzito. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika madarasa mawili ya mwanzo, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kiwe cha lazima na kitahiniwe, msingi na sekondari. Maagizo yametangulia, walimu wanafuata polepole. Kwa hiyo watoto wengi wanakutana na Kiswahili kwanza ubaoni, kikiwa kimeandikwa na mwalimu ambaye naye alikipata kitabuni. Sauti ndiyo kitu adimu.

Na sauti ndiyo tunayoihitaji zaidi kuliko majirani zetu. Chukua anayezungumza Luganda nyumbani. Katika Luganda, r na l hazipingani. Ni kama sauti moja inayovaa nguo mbili kufuata irabu iliyotangulia: baada ya e na i huandikwa r, kwingineko l. Mwanafunzi akiingia na kanuni hiyo katika Kiswahili, "nilikuwa" inakuwa "nirikuwa", "hela" inakuwa "hera", na "kura" inakuwa "kula". Karamu na kalamu zinageuka neno moja. Huyu hajakosea ovyo. Anafuata utaratibu wa lugha ya mama yake kwa uaminifu kabisa, na ndiyo maana kumwandikia sahihisho kwa wino mwekundu hakumsaidii. Sikio lake halijazoea kuzitenganisha sauti hizo baada ya irabu hizo. Linazoea kwa kusikia jozi zile zile, kwa mdomo wa mtu yule yule, mara nyingi mno. Mara kumi ni kidogo.

Kurudia huko ndiko mtandao unakokufanya kuwe ghali. Sauti iliyorekodiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu megabaiti moja kila dakika. Somo la dakika 20 ni kama megabaiti 20. Ukilisikiliza moja kwa moja mtandaoni asubuhi na jioni kwa wiki nzima, umetumia kama megabaiti 280 kwa somo moja. Ukilihifadhi, unalipa 20 mara moja tu. Likiwa la video, tofauti huwa kubwa zaidi, ingawa kwa mazoezi ya matamshi picha ya mwalimu aliyesimama mbele ya ukuta haiongezi kitu. Juu ya bei ya bando kuna kodi. Tangu Julai 2021, baada ya kuondolewa ile ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii iliyoanza 2018, data ya intaneti inatozwa ushuru wa asilimia 12. Sheria yenyewe iliacha nje data ya huduma za matibabu na za elimu. Lakini mwanafunzi anayenunua bando la kawaida pale dukani hana namna ya kuonyesha kwamba megabaiti zake ni za kusikilizia ngeli. Analipa kama anayetazama mpira. Msamaha huo haujamfikia, na kwangu mimi hilo peke yake linatosha kumpa haki ya kutafuta njia ya kulipa mara moja.

Pia kuna siku ambazo hata mwenye hela hapati. Januari 2021, siku za uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa takriban siku tano. Aliyekuwa na masomo kwenye simu aliendelea.

Sasa hoja ya jasho la watu. Mwenzangu hasemi uongo. Anayefundisha lugha mtandaoni hutegemea mara nyingi idadi ya wanaotazama na matangazo yanayoambatana nao, na faili likishang'olewa na kutiwa kwenye kadi, mwenye somo hamwoni tena msikilizaji huyo. Masharti ya YouTube yanakataza kupakua isipokuwa huduma yenyewe iwe imetoa kitufe cha kufanya hivyo au pawe na ruhusa. Upande wa sheria ya nchi, Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006 inatambua matumizi ya haki, yaani yasiyohitaji ruhusa ya mwenye kazi, na mtu kujitumia mwenyewe, faraghani, ni mojawapo. Kati ya masharti ya kampuni na nafasi hiyo ya sheria kuna ukungu, na sitaki kujifanya wakili. Ninachoona wazi ni mstari kati ya kujiwekea na kugawa. Mwanafunzi akijiwekea somo lililo wazi kwa kila mtu, hakumnyang'anya mwalimu chochote ambacho angekipata, kwa sababu bila kadi asingesikiliza kabisa. Kibanda cha kuuza nyimbo na filamu mjini kikianza kuuza masomo hayo hayo kwa shilingi mia tano kila kadi, hapo kuna mtu anayekula asipolima.

Kuna mahali ambapo mstari huo unavukwa kila siku bila watu kuona vibaya, nako ni kwenye WhatsApp. Walimu binafsi wengi sasa hufundisha kwa ujumbe wa sauti: unalipa kwa mwezi, unaingizwa kwenye kundi, somo linatumwa jioni. Mwanafunzi mmoja analipa, analisambaza kwa binamu, kwa kwaya, kwa kundi la kijiji. Nimeliona likitokea kwa mwalimu ninayemfahamu. Sauti yake ilimrudia kutoka kwa mtu asiyemjua, akiombwa "aendelee na somo la sita". Yule mwalimu alipunguza masomo, akahamia kufundisha ana kwa ana, na waliokuwa mbali wakabaki bila kitu. Hapa namuunga mkono mwenzangu bila kusita. Kilicholipiwa na mmoja hakisambazwi. Na pale ambapo mtu anadhani shida ya wengine inahalalisha, kuomba ruhusa ni ujumbe mmoja tu. Walimu niliowahi kuwaomba ruhusa kwa ajili ya vijana wa makambini walikubali wote, mmoja hata akarekodi upya kwa mwendo wa polepole.

Upande wa pili nao una deni. Programu nyingi za lugha zinakuuzia "kusikiliza nje ya mtandao", lakini unachopata ni faili lililofungiwa ndani ya programu hiyo. Huwezi kulihamishia kwenye simu ya vitufe, na huduma nyingine hudai uunganishwe tena baada ya siku kadhaa la sivyo somo linajifunga. Malipo yakikatika, kila ulichohifadhi kinatoweka. Nililipia huduma ya namna hiyo kwa miezi minne nilipokuwa nachangamsha Kifaransa changu. Nilipoacha kulipa sikuweza kufungua hata salamu za siku ya kwanza. Mtu akiona hivyo, anashawishika kung'oa mafaili kwa njia za pembeni, na ni vigumu kumlaumu.

Wapo wanaotoa kwa uwazi, na tungeanza na hao kabla ya kugombana na wengine. Deutsche Welle (DW), shirika la utangazaji la Ujerumani, imeweka kozi za Kijerumani za sauti ambazo unazipakua bure. BBC inatoa masomo ya Kiingereza kwa namna hiyo hiyo. Kwa Kiswahili, ipo kozi ya zamani ya Taasisi ya Utumishi wa Nje ya Marekani, ya miaka ya 1960, ambayo kama kazi ya serikali ya nchi hiyo haina hakimiliki. Imetengenezwa kwa wanadiplomasia, mazoezi yake ni ya kuchosha, na maneno mengine yamezeeka. Lakini ni kurudia mtindo mpaka ulimi ukubali, na kwa ugonjwa wetu wa r na l sijapata dawa ya bure inayoishinda.

Nirudi kwenye hoja ya pili, ile iliyonigusa. Nilianza kukagua simu za wanafunzi wangu. Yule wa barabara alikuwa na mafaili yasiyopungua mia mbili: matamshi, methali, taarifa za habari za DW, hotuba, hadithi za watoto. Nikamwomba anionyeshe aliyosikiliza hadi mwisho. Yalikuwa saba. Hakuwa mvivu. Kila wikendi alikuwa anakuja mjini, anatafuta mtandao mzuri, anajaza kadi, anarudi akiwa na raha ya mtu aliyefanya kazi. Kazi yenyewe ilikuwa ya kukusanya. Mtandao mbovu una adabu moja: unakulazimu kuchagua, na somo ulilolipata kwa shida unalikazia masikio. Kadi ya gigabaiti 32 haikulazimishi kuchagua chochote. Zamani tuliokuwa na kaseti moja tuliisikiliza mpaka utepe ukalegea, na sentensi zake bado zimo kichwani mwangu.

Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885, kwa kujipima yeye mwenyewe, kwamba tunachojifunza huanza kutuponyoka ndani ya saa chache, na kwamba kurudia kulikotawanywa kwa siku kadhaa hushika kuliko kurundika siku moja. Somo lililohifadhiwa ni chombo kizuri mno kwa kurudia huko, likiwa moja. Yakiwa mia mbili, kila siku kuna jipya linalokuita, na la jana halirudiwi.

Mwenzangu huongeza kwamba faili halikusahihishi, na kwamba Kiswahili kipo hai kutuzunguka: Busia na Malaba mpakani, Arua, Mpondwe kwenye soko la wanaovuka kutoka Kongo, Nakivale kwa wakimbizi. Ni kweli, na ningemtuma mwanafunzi yeyote huko kabla ya kumpa hedifoni. Ila mtihani unapima Kiswahili sanifu, na mdomo wa soko la Mpondwe una ngeli zake. Mtoto akisikia "kitu yangu" kutwa nzima ataamini hivyo. Soko litampa ujasiri wa kusema, sauti iliyo simuni itampa kipimo cha kulinganishia. Simu hiyo hiyo ina kinasa sauti, na hiki hutumiwa kidogo kuliko inavyostahili: sikiliza sentensi moja, jirekodi ukiisema, zisikilize zote mbili zikifuatana. Mwanafunzi aliyeapa kwamba anasema "nilikuwa" alijisikia mwenyewe akisema "nirikuwa" na akanyamaza kwa muda mrefu. Siku hiyo hakuhitaji maneno yangu.

Kwa sasa nimefikia hapa na wanafunzi wangu. Mtu habebi zaidi ya masomo matatu kwa wakati mmoja. Analifuta moja anapoweza kulisema pamoja na msemaji bila kuangalia maandishi, ndipo anakuja kuchukua jingine. Mafaili nayapunguza mpaka kilobiti 32 kwa sekunde, kwa sababu sauti ya mtu anayezungumza haihitaji zaidi, na somo la dakika 20 linashuka hadi kama megabaiti 5, linaingia hata kwenye kitochi, ile simu ya vitufe, chenye kadi ndogo. Nayakata vipande vya dakika mbili au tatu. Yale yasiyo na ruhusa siyapitishi kwa mtu wa pili. Namwonyesha yalipo, anajichukulia mwenyewe kwa kitufe kilichowekwa, akipata mtandao.

Mwenzangu amekubali sheria ya masomo matatu, hajakubali kadi. Anasema tukizoea kubeba, hakuna atakayedai mtandao wa bei nafuu shuleni. Nimelifikiria sana hilo. Lakini mtihani wa huyu kijana hausubiri bei ishuke. Wanaoweza kumsaidia mapema zaidi ni wenye masomo wenyewe, hasa walimu wetu wa Afrika Mashariki wanaorekodi Kiswahili kizuri na kukitia kwenye video nzito. Waweke pembeni faili jepesi la sauti, na mstari mmoja unaosema wazi: jiwekee, sikiliza, usiuze. Kwa somo ambalo tayari limerekodiwa, ni kazi ya dakika chache.