Flitch si bekoni, wala si ubao tu

Ukikutana na neno flitch katika Kiingereza, usikimbilie kulitafsiri "bekoni". Bekoni ni kile kinachokaangwa asubuhi. Flitch ni ubavu mzima wa nguruwe, umetiwa chumvi na kukaushwa. Neno lenyewe ni la kale sana, na bado linatumika katika mji wa Great Dunmow, Essex, Uingereza. Huko kila mwaka mrefu wanandoa huapa mbele ya jaji, wanawali sita na makapera sita kwamba kwa miezi 12 na siku moja hawajaijutia ndoa yao. Wakiaminiwa, ubavu ni wao. Na wakili wa kuupigania ubavu usitoke yupo!

Kwa wapasuaji magogo, flitch ni pande lililochanwa kwa urefu wa gogo, mara nyingi na gome lake pembeni. Lisichanganywe na banzi, maana banzi ni masalio na pande hili bado lina kazi. Kwenye venia, yaani tabaka nyembamba za mbao za kubandika juu ya samani, ni rundo la karatasi za mti kutoka gogo moja, zikiwa katika mpangilio uleule zilivyotoka kwenye kisu. Ukichanganya mbili tu, milango ya kabati haitafanana tena kama kurasa mbili za kitabu kilichofunuliwa.

Kwa maoni yangu, nyama na mbao hapa zina undugu zaidi ya kule kukatwa kwa urefu: zote mbili huharibiwa na haraka. Nyama hupakwa chumvi gramu 25 hadi 30 kwa kilo, ikakaa kwenye baridi isiyozidi nyuzi 5 za Selsiasi, ikigeuzwa kila siku. Penye mfupa chumvi huchelewa kufika, na uozo huanzia hapohapo. Mbao nazo hupangwa juu ya fito, kila ufito ukilala sawasawa juu ya mwenzake wa chini, la sivyo zinapinda. Ncha hupakwa rangi zisipasuke. Hesabu mwaka mmoja hivi kwa kila milimita 25 za unene. Nje ikitangulia kukauka, nyama hufanya ganda na kubaki mbichi ndani. Ubao nao, siku ukipasuliwa tena, hubana msumeno.

Kwa hiyo ningeandika "ubavu" kwa nguruwe na "pande" kwa gogo. Ila kuna boriti iitwayo kwa neno hilohilo: mbao mbili, bamba la chuma katikati, zimekazwa kwa bolti. Hiyo ieleze hivyo hivyo ilivyo. Ukiiita "boriti ya ubavu" fundi atakuuliza ubavu wa nani.