Bibi aliuliza jina limeandikwa wapi

Nilirudi Bombo, Uganda, na picha niliyopiga Nairobi, Kenyatta Avenue, kwenye ile sanamu ya watu watatu wa shaba iliyosimamishwa 1928. Bibi akaisogeza simu karibu na macho, akamtafuta mpagazi.

"Huyu ndiye wa kariakoo?"

Nikamwambia ndiye, wa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza.

"Jina lake wameliandika wapi, mjukuu wangu?"

Nilinyamaza. Babu yake bibi alichukuliwa kubeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza, akaishia hukohuko. Kaburi halijulikani.

Maandishi ya pale yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Nililizunguka jiwe lile nikisoma kila upande. Hakuna jina hata moja la waliokufa! Na nchi gani hiyo? Vita ilikuwa ya mfalme wa watu wengine. Wapagazi walibeba risasi na unga wa wenzao, wakafa kwa kuhara damu, malaria na njaa, makumi ya maelfu. Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Uingereza na makoloni yake ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali yao ikaomba radhi bungeni. Radhi tumeisikia, majina mengi bado hatujayaona.

Wanaotaka sanamu hizi zing'olewe nawaelewa. Ni kazi ya mkoloni, sikatai. Lakini pale mpagazi amesimama bega kwa bega na askari. Ukimng'oa, utamweka wapi?

Uganda nasi tuna deni. Keya ya 4, kikosi cha King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, ilikuwa yetu, na 1944 vijana wake walipigana hadi Burma. Kiswahili hiki tunachosemea Bombo kilipita kwenye kambi zao. Nataka ukuta wa majina Kampala, wapagazi kwanza, na majina yako vinywani mwa wazee wetu. Bibi ana miaka 88. Jina la babu yake alinitajia jioni ileile, mara mbili, nisikosee herufi, nikaliandika kwenye daftari. Wewe wa Arua, wa Gulu, wa Jinja, mzee wako umeshamuuliza?