Ireland Iliziokoa Hadithi, Ikaziacha Dansi za Nyumbani

Mwaka 1935 serikali ya Ireland iliunda tume ya kukusanya mapokeo ya wananchi, na mwaka huohuo ikapitisha sheria ya kumbi za dansi iliyotaka kila dansi ya hadhara iwe na leseni ya mahakama. Nasikitika kila nikiyaweka mambo hayo mawili pamoja, kwa kuwa watambaji wa hadithi na walimu wa dansi walikuwa wakikutana katika nyumba zilezile.

Tume ilifanya kazi ya kutukuka. Wakusanyaji wake walizunguka kaunti za Kerry na Galway wakibeba mashine nzito ya kunasia sauti, na katika kijiji cha Carna fundi cherehani Éamon a Búrc aliwatambia hadithi moja yenye maneno zaidi ya 30,000. Peig Sayers wa kisiwa cha Great Blasket naye alitoa mamia ya hadithi. Jambo linaloniuma ni kwamba fedha zilikuwa haba kiasi kwamba, maneno yakishanakiliwa, mitungi mingi ya nta iliyonasa sauti hizo ilikwanguliwa ili itumike tena, na sauti zikapotea.

Walimu wa dansi hawakupata hata kunakiliwa huko. Mwingereza Arthur Young, aliyezuru Ireland kati ya 1776 na 1779, aliwakuta wakipita kibanda kwa kibanda pamoja na mpiga zumari au kipofu wa fidla, kwa ujira wa peni sita kwa kila miezi mitatu. Inasimuliwa kwamba mwanafunzi asiyejua kulia na kushoto alifungwa nyasi kavu mguu mmoja na mabua mguu wa pili, kisha mwalimu akaita nyasi, akaita mabua, mpaka miguu ikatii.

Sheria ya 1935 ililenga dansi za hadhara, lakini baadhi ya mapadri na polisi waliitumia kuzima hata dansi za jikoni, mahali ambapo watoto walijifunza kwa kutazama. Kwa maoni yangu, hilo lilikuwa kosa zito kuliko uhaba wa nta, maana hatua za dansi hazikuwa na daftari la kuzihifadhi. Mtindo wa Jeremiah Molyneaux, mwalimu aliyezunguka kaskazini mwa Kerry, tunaujua leo kwa sababu wanafunzi wake waliendelea kuucheza na kuufundisha.