Zuhura si mke wangu, ni mjusi

Sawa, kwa vile Kevo ameshaanza kutuma sauti kwa kila grupu ya WhatsApp ati "jamaa amefumaniwa akinyonyesha mjusi," acha niseme vile ilikuwa kabla haijamfikia mamangu huko Kakamega. Sikuwa nanyonyesha. Shati sikuwa nalo, hiyo ni kweli, lakini ina sababu, tulieni.

Zuhura wengi wenu mnamjua, yule mjusi wa ndevu niliyeachiwa na bosi wangu wa zamani akihama (karatasi zake ziko, msianze). Kwao ni Australia, sehemu kavu za huko ndani, si Zimmerman hapa Nairobi, ghorofa ya tatu, baridi ya Julai. Pale anapoota joto panatakiwa pafike karibu digrii 40 na juu kuwe na taa ya UVB, ile ya mwanga kama wa jua, sasa transfoma ya mtaa ikalipuka, stima zikaenda, keja ikapoa hadi mafuta yangu ya nazi yakawa jiwe. Na mjusi hana joto lake mwenyewe, akipoa tumbo nalo linalala, hapo hata umlishe nini kinaoza tu huko ndani. Kwa hivyo akagoma. Akakataa sukuma wiki, na sukuma ndiyo mboga inayomfaa kabisa, akakataa malenge, akakataa hadi wale funza wa BSF (yule nzi mweusi) ninaonunua kwa jamaa wa kuku, ambao siku zingine anawagombania kama watu kwa ofa ya unga. Stima zikarudi, taa ikawaka, yeye bado macho amefunga, hataki kujua.

Nikapigia daktari wa wanyama. Akaniambia joto kwanza, maji pili, chakula mwisho, usipindue. Nimweke kwa beseni la maji ya vuguvugu yasiyompita mabega, nimpime kila asubuhi kwa mizani ya jikoni, na kama gramu zinazidi kushuka ndio nianze kumpa uji. Uji wenyewe ni ule unga wa wanyama wagonjwa, unauchanganya na malenge yaliyosagwa na maji, unavuta kwa bomba la sindano lililotolewa sindano. Na mdomo usimfungue kwa nguvu, maana tundu lake la pumzi liko hapo hapo nyuma ya ulimi, ukimimina ovyo uji unaenda kwa mapafu na umemmaliza. Unadondosha tone moja pembeni mwa mdomo, unangoja alambe. Asipolamba unabembeleza.

Hapo kwa kubembeleza ndipo mambo yaliharibikia. Nyinyi wa Zimma mnazijua kuta zetu, jirani akipiga chafya wewe ndiye unasema pole.

Sasa jioni hiyo niko chini sakafuni, nimevua shati kwa sababu Zuhura akitikisa kichwa uji wote unakuja kwangu na rangi ya malenge kwa shati jeupe haitoki, nimemlaza kifuani apate kajoto, mkono mmoja taulo, mkono mwingine bomba. Na naimba. Kevo hiyo ya kuimba hakuijua, nimewapa bure. Nikasikia mlango unagongwa, si kugongwa kwa jirani anayetaka chumvi, ni kugongwa kwa mkono mzima.

"Fungua!"

Na mimi, mtu mwenye akili timamu, mwenye diploma, nikajibu kwa sauti: "Ngojeni kidogo nimfunge kwanza!"

Kimya. Halafu nikasikia sauti ya mama akisema "Mmesikia? Mmesikia wenyewe?"

Keateka, yule mwangalizi wa ploti, ana funguo za ziada. Kitasa kikazunguka polepole, mimi nikikiangalia tu, bomba mkononi, kifua chote kimejaa uji wa malenge. Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Chair wa nyumba kumi, nyuma yake keateka, nyuma ya keateka Mama Shiro jirani yangu, na nyuma yao vijana wa ghorofa ya nne, mmoja ana mpini wa jembe. Mpini wa jembe, Zimmerman! Aliutoa wapi, analima wapi?

"Zuhura yuko wapi?" Mama Chair akauliza.

Nikasema, "Ni huyu, mama."

Hakuniangalia mimi, aliangalia nyuma ya pazia, akaangalia chini ya kitanda, akafungua hadi ule mlango wa choo. Halafu akatoa karatasi kwa mkoba. Kumbe Mama Shiro amekuwa akiandika. Akaanza kunisomea maneno yangu mwenyewe, mbele ya watu, na ile sauti ya kusoma matangazo ya kanisa: "Zuhura tafadhali lamba tu. Zuhura ukikufa nitaambia watu nini. Tulia hivyo nikufunge na taulo. Sindano haina hata ncha, unaogopa nini. Zuhura mami, ukinya leo nitafurahi sana." Hiyo ya mwisho aliisoma mara mbili. Yule kijana wa mpini akaangalia ukutani.

Nikainua taulo. Hapo Zuhura, aliyekuwa amelala wiki nzima kama hana habari na dunia, akafungua macho akaona umati. Wale mnaofuga mnajua kinachofuata: ndevu zikafura, zikageuka nyeusi tii, mdomo ukaachama. Mama Shiro akasema "Yesu!" na kurudi nyuma hadi kwa mguu wa keateka, keateka naye akakanyaga lile beseni la maji.

Lakini Mama Chair hakurudi nyuma, enyewe lazima nimpe heshima yake. Alinyoosha kidole, kucha imepakwa rangi nyekundu ya kung'aa, akakitikisa hapo mbele ya pua ya Zuhura akisema, "Kijana, yaani unataka kuniambia huyu mdudu ndiye..."

Msitikise kitu chekundu mbele ya mjusi wa ndevu. Wanaona rangi vizuri na kinachotikisika kwao ni chakula. Nikaona kichwa kimeinama upande mmoja. Nikaona jicho limelenga. Nikataka kusema "Mama toa mkono" na nikatoa "Ma—" peke yake. Zuhura akaruka kutoka kifuani kwangu, ulimi mbele, akadaka ile kucha. Mama Chair akapiga nduru, mimi kwa kushtuka nikabonyeza bomba, na uji wote wa jioni ukaruka hewani, nikiuona unavyoenda, ukatua kwa wigi yake na kuteremka taratibu hadi mkononi.

Na Zuhura, aliyenikataa mimi na nyimbo zangu, akaachilia kucha, akakaa kwa mkono wa Mama Chair akaanza kulamba. Akalamba hadi kwa kiwiko. Watu wazima tumesimama, keateka soksi zimelowa, tunaangalia mjusi akila. Mama Chair mkono ameunyoosha vile vile, analia na ananong'ona, "Anakula. Jamani anakula."

Mengine ni mafupi. Kucha haikutoka. Wigi nimelipia kuoshwa. Mwenye nyumba amepigiwa simu akauliza kama huyo mjusi ananyonga paka, akaambiwa hapana, akakata. Zuhura amenya, asante wote mliouliza kwa inbox, na gramu zimeanza kupanda.

Ila sasa Mama Chair anakuja kila jioni akitoka kazini, kucha amepaka upya, ananiambia nitoke nje kidogo kwa sababu eti namharakisha mtoto. Kwa grupu ya ploti kila saa mbili usiku anaandika "Zuhura amekula?" na watu wanajibu na vidole gumba, hadi yule wa mpini. Mimi tangu nihamie hiyo ploti hakuna mtu ameshawahi kuuliza kama nimekula.